Kamera Isiyokudanganya: kuchagua kamera za mtego kwa ardhi ya uwindaji

Ndugu wawindaji, wasimamizi wa vitalu vya uwindaji, askari wa wanyamapori, na nyote mliofika, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi.

Kabla sijapanda hapa, baadhi yenu mmenishika mkono mlangoni mkaniuliza swali lile lile: kamera gani ya mtego, ile inayopiga picha yenyewe mnyama akipita, ni nzuri? Mnataka jina. Jina sitalitaja, kwa sababu matoleo hubadilika kila mwaka, na kamera iliyosifiwa msimu uliopita inaweza kurudi msimu huu na jina lile lile, rangi ile ile, lakini ndani ina kihisi kingine kabisa. Nataka mwondoke na kitu kitakachodumu kuliko jina: namna ya kuipima kamera wewe mwenyewe kabla hujaikabidhi pori lako.

Kamera ikifa kabisa, hasara yake ni ndogo. Unaikuta imezima, unajua imezima, unaandika kwenye daftari kwamba mwezi huu upande ule hatuna taarifa, basi. Inayotuumiza ni ile inayofanya kazi nusu, kama mlinzi anayesinzia lindoni na asubuhi akakwambia usiku ulikuwa shwari. Taa yake inawaka, alama ya betri imejaa, kadi ina picha za kutosha. Ila katika wanyama kumi waliopita mbele yake imenasa wanne, na wale sita hawajaacha dalili yoyote. Wewe unakaa na picha zako, unahesabu madume, unahesabu majike yenye ndama, unahitimisha kwamba mbawala wamepungua upande wa mto. Kwa hesabu hiyo unaamua wawindwe wangapi, doria iende wapi, eneo gani lipumzishwe. Uamuzi mzima umesimama juu ya picha ambazo hazikupigwa, na hakuna anayejua.

Kwa hiyo ombi langu kwenu leo ni hili: mkiwa dukani au mkiperuzi matangazo, msitangulize kuuliza kamera inapiga picha nzuri kiasi gani. Ulizeni inakosa nini, na inakosa lini.

Kazi hii ina historia ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani George Shiras alikuwa akitega waya porini ili mnyama akiugusa ajipige picha mwenyewe, na mwezi Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 za wanyama wa usiku. Mwaka 1995 mtaalamu wa India, Ullas Karanth, alionyesha jinsi ya kukadiria idadi ya chui milia katika hifadhi ya Nagarahole kwa kutambua michirizi ya kila mmoja kwenye picha za kamera za mtego. Na mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania, kamera ya namna hii ilinasa sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi ilikuwa haijamjua. Maelezo yake rasmi yalitoka mwaka 2008. Fikirini kamera ile ingekuwa ya kusinzia. Mnyama angepita, kadi ingebaki tupu, na watu wangeendelea kusema hayupo.

Sasa tuifungue kamera yenyewe.

Ukiitazama kwa mbele, mara nyingi chini ya lenzi, utaona kidirisha cha plastiki nyeupe ambacho ukikisogeza karibu na jicho kina mistari na vigawanyo vidogo vidogo. Nyuma yake kuna kihisi cha infraredi, yaani kifaa kinachohisi mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Watu wengi hununua kamera bila hata kukiangalia, na mimi nasema kipande hicho ndicho unachonunua. Mengine ni nyongeza. Kihisi hakioni mnyama, wala hakimjui swala kutoka kwa tawi. Kinachohisi ni tofauti ya joto inayosogea. Kile kidirisha kimeligawa eneo la mbele katika vipande, na kitu chenye joto tofauti na mazingira yake kikihama kutoka kipande hiki kwenda kile, kamera inafyatuka.

Ukishalielewa hilo, mambo mengi yanayowasumbua watu porini yanajieleza. Mnyama anayekatiza mbele ya kamera kutoka kushoto kwenda kulia anavuka vipande vingi haraka, kwa hiyo ananaswa mapema. Anayekuja moja kwa moja kuelekea lenzi anakaa ndani ya kipande kimoja kwa muda, kihisi kinachelewa, na wakati mwingine unachopata ni pua tu au bega lililojaza picha nzima. Ndiyo sababu ya ule ushauri wa kuielekeza kamera mshazari kwenye mapito, kama nyuzi 45, badala ya kuikabilisha na njia: mnyama anakatiza vipande, na bado unamwona kwa muda mrefu kuliko ungeiweka pembeni kabisa.

Kuna pia suala la jua la mchana. Joto la ardhi na vichaka likipanda hadi kukaribiana na joto la ngozi na manyoya ya mnyama, ile tofauti ambayo kihisi kinaitegemea inafifia. Kamera iliyokuwa inanasa mnyama mita 20 alfajiri inaweza kumpita mita 10 saa saba mchana. Kwa hiyo unapoona picha zako zote ni za usiku na alfajiri, usikimbilie kusema wanyama wa hapa hawatembei mchana. Inawezekana. Lakini kwanza jiridhishe kwamba kamera yako inahisi mchana. Tafuta yenye viwango vya kuongeza na kupunguza wepesi wa kihisi, na ukipata inayojirekebisha yenyewe kulingana na halijoto, ni bora zaidi kwa maeneo yenye joto.

Upande wa pili wa shilingi ni kufyatuka bure. Nyasi zilizopigwa na jua zikipepea, tawi lililopata moto likiyumba, kamera inadhani kuna mnyama. Hata wataalamu hawakwepi. Mradi wa Snapshot Serengeti, ulioanza mwaka 2010 na kuweka kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, ulikusanya hadi mwaka 2013 seti za picha milioni 1.2, na zilizokuwa na wanyama ni 322,653. Sehemu kubwa iliyobaki haikuwa na mnyama. Kwa mwindaji mwenye kadi moja na betri za kuhesabu, picha elfu kadhaa za nyasi ni betri zilizokufa katikati ya mwezi. Kwa hiyo panga, fyekeo au hata mikono yako ni sehemu ya vifaa vya kamera. Safisha mbele ya lenzi mita kadhaa, na funga kamera kwenye mti mnene usioyumba na upepo.

Neno moja kuhusu uelekeo kabla sijaendelea. Usiielekeze kamera mashariki wala magharibi. Jua likichomoza au likizama mbele yake linaunguza picha na kukichanganya kihisi, na hizo ndizo saa wanyama wanatembea zaidi. Ukiwa kaskazini ya ikweta elekeza kaskazini. Ukiwa kusini, elekeza kusini.

Sasa kasi. Hapa naomba mnivumilie na hesabu kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea. Kuna muda kati ya kihisi kushtuka na picha kupigwa. Kamera nyingi za sasa hutangaza sehemu ndogo ya sekunde. Nyingine huchukua sekunde nzima au zaidi. Chukua kamera yenye lenzi inayofungua nyuzi 40. Kwa mnyama aliye umbali wa mita 6, upana wa picha ni kama mita 4 na nusu hivi. Mnyama anayetembea polepole husogea takriban mita moja na nusu kwa sekunde; kamera ikichelewa sekunde moja bado unampata, pengine katikati. Anayekwenda mchaka mchaka kwa mita 4 kwa sekunde yuko ukingoni anatoka. Anayekimbia mita 10 kwa sekunde ameshapotea zamani, na picha inayobaki ni ya njia tupu na vumbi. Mnazijua picha hizo: mkia upande wa kulia, au nusu ya mguu wa nyuma, na huwezi kusema ni dume au jike, seuze umri wake.

Hivyo kasi unayoihitaji inategemea unapoiweka kamera. Kwenye maji au kwenye jiwe la chumvi, mnyama anakaa, anainama, anageuka. Kamera ya wastani inatosha kabisa. Kwenye mapito, hasa yale membamba ambayo wanyama wanapita bila kusimama, nunua kasi. Mtu mwenye kamera za aina mbili azigawe hivyo, badala ya kuzitawanya ovyo.

Na kuna kasi ya pili ambayo matangazo hayapendi kuitaja: muda kamera inaohitaji kujikusanya baada ya picha moja ili iweze kupiga nyingine. Huu unaniudhi kuliko wote. Kundi la nguruwe pori linapita kwa mstari, wa kwanza ananaswa, kamera inakaa inaandika kwenye kadi na kuchaji flashi yake, na wanaobaki wanapita mbele ya macho yaliyofumba. Ripoti inasema nguruwe mmoja. Kwa wanyama wanaotembea kwa makundi, na kwa dume anayefuata jike sekunde chache nyuma yake, muda huu wa kujikusanya unaharibu hesabu kuliko kuchelewa kwa picha ya kwanza. Tena huongezeka usiku. Ipime usiku, usiipime mchana peke yake.

Megapikseli, ile hesabu ya mamilioni ya vinukta vinavyounda picha, sitazipa muda mwingi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hakuna kinachojitembeza kwenye maboksi ya kamera hizi kama megapikseli. Tarakimu kubwa unayoiona, 24, 36 na kuendelea, mara nyingi hutokana na programu iliyoivuta picha ndogo ikawa kubwa. Kihisi cha picha chenyewe ndani kina megapikseli chache tu. Picha iliyovutwa haina taarifa zaidi. Inajaza kadi upesi na kuchelewesha kamera kujikusanya. Iweke kwenye kiwango chake halisi, kama mwongozo unakitaja. Ukitaka kujua ubora, tazama picha ya usiku ya mnyama anayetembea, umbali wa mita 12 hivi. Ukiweza kuhesabu pembe zake na kuona kama sikio limechanika, kamera inatosha.

Picha ya usiku inatuleta kwenye taa. Kamera nyingi hutumia taa za infraredi za aina mbili. Ya kwanza ina urefu wa mawimbi wa nanomita 850: inamulika mbali, picha inakuwa safi zaidi, ila ukiitazama moja kwa moja unaona vinukta vyekundu hafifu. Ya pili ni ya nanomita 940, ambayo jicho la mtu haliioni. Gharama yake ni umbali mfupi na picha yenye chenga. Wapo wanaouliza ipi ni bora. Kwa kuhesabu na kutambua wanyama, mimi huchagua 850. Pale ambapo mtu asiyetakiwa anaweza kupita na kuiona taa, na kesho yake kamera isiwepo, weka 940. Flashi nyeupe ya kawaida inatoa rangi, inafaa kutambua madoa na michirizi, lakini inamtangaza aliyeiweka.

Msiamini sana maneno kwamba kamera fulani mnyama haijui kabisa. Mwaka 2014 watafiti wa Australia, Paul Meek na wenzake, walizipima kamera za mtego wakakuta zinatoa sauti na mwanga ambavyo masikio na macho ya wanyama wengi yanaweza kuvipata. Ndani ya kamera kuna kichujio kidogo kinachosogea kati ya hali ya mchana na ya usiku, na kinatoa mlio. Kama wanyama wako wanaitazama lenzi kila picha, masikio yamesimama, au wanaanza kuzunguka njia, pandisha kamera juu zaidi ya usawa wa macho yao na uiinamishe kidogo.

Betri. Hapa nitakaa, kwa sababu nimeona kamera nzuri nyingi zikilaumiwa kwa dhambi za betri.

Betri za alkali za kawaida huanza na volti moja na nusu kisha zinashuka polepole, siku hadi siku. Mchana kamera haioni shida, kwa kuwa picha ya mchana inataka umeme kidogo. Usiku, taa za infraredi zinataka umeme mwingi kwa ghafla, na betri iliyochoka haiwezi kuutoa. Taa inafifia. Kamera iliyokuwa inamulika mita 20 sasa inamulika 8, na mnyama aliyepita mita 15 ni weusi mtupu, au kamera inajizima katikati ya picha na kuwaka tena. Ukienda asubuhi unakuta inafanya kazi vizuri kabisa. Hiyo ndiyo kamera ya kusinzia niliyoisema mwanzo, na kosa wala si la kamera.

Betri za lithiamu zisizochajiwa hushika volti moja na nusu karibu hadi mwisho wa maisha yake, ni nyepesi, na zinavumilia baridi kali hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Zina tabia moja ya kuijua: zinapokwisha, zinakwisha ghafla, na alama ya betri kwenye kioo inaweza kusema zimejaa siku chache tu kabla ya kuzima. Kwa hiyo zibadilishe kwa kalenda, usisubiri alama. Kwa kamera iliyo mbali, inayotembelewa mara chache, sina shaka kwamba hizi ndizo za kununua, japo bei yake inauma.

Za kuchaji za nikeli zina volti 1.2 kila moja. Zikipangwa nane kwa mfuatano unapata 9.6, wakati kamera ilitarajia 12. Baadhi ya kamera zimeundwa kuzikubali na zinafanya kazi vizuri mno, nyingine zinagoma usiku wa kwanza. Mwongozo wa kamera utakwambia, na kama mwongozo umenyamaza, jaribu nyumbani kwanza. Na tafadhali, msichanganye betri mpya na zilizotumika, wala aina mbili tofauti, ndani ya kamera moja. Betri dhaifu inazivuta zenzake, inavuja, na ile maji yake inakula vyuma vya ndani. Kamera ngapi zimekufa hivyo!

Paneli za sola ni msaada mkubwa pale penye uwazi wa anga. Chini ya msitu mnene paneli haipati kitu. Ukiinunua, hakikisha kamera inarudi kwenye betri zake yenyewe sola ikishindwa, bila mtu kwenda kubonyeza chochote.

Kadi za memori ni kitu kidogo kinachoharibu kazi kubwa. Kamera nyingi zinakubali kadi hadi GB 32, na ukiweka ya 64 zinagoma au zinafanya kazi siku mbili kisha zinaganda, kwa sababu kadi kubwa kuliko 32 hutengenezwa kwa mfumo mwingine wa kupanga mafaili. Soma mwongozo. Tumia kadi kamili, acha zile ndogo za simu zinazovikwa adapta. Ule mguso wa ziada unalegea kwa mtikisiko na unyevu. Kadi bandia ni nyingi: imeandikwa GB 32, ndani ina 8, na ikijaa inaandika juu ya picha za mwanzo bila kulalamika. Kabla ya kuipeleka porini ijaze mafaili kwenye kompyuta hadi mwisho, kisha uyafungue moja moja. Na kadi ifomatiwe ndani ya kamera itakayoitumia. Kile kiswichi kidogo ubavuni mwa kadi kitazame pia kila unapoirudisha. Kikiwa kimefunga, kamera haiandiki chochote.

Kuhusu mvua na vumbi, tafuteni alama ya IP. Katika IP66, sita ya kwanza ina maana vumbi haliingii, sita ya pili ina maana inahimili maji yanayopigwa kwa nguvu. IP67 inahimili kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Alama hizo hata hivyo zinahusu kamera mpya iliyofungwa vizuri. Fungua mlango wake, pitisha kidole kwenye ule mpira unaozunguka ukingo. Ukiwa mwembamba, mgumu, au umebandikwa kwa gundi inayoachia, mwaka mmoja wa jua utaumaliza. Punje ya mchanga au unywele mmoja juu ya mpira huo ni njia ya maji. Weka ndani kifuko cha chembechembe zinazonyonya unyevu, ukibadilishe kila unapobadilisha betri, kwa sababu unyevu wa hewa ya moto ya mchana iliyofungiwa ndani unageuka kuwa umande kwenye lenzi usiku unapopoa. Picha zenye ukungu alfajiri zikaja safi saa nne, chanzo chake ni hicho. Siafu na sisimizi nao wanapenda kamera: tundu la spika na tundu la waya wa sola yazibwe. Penye tembo, dubu, fisi au nyani, kamera isiyo na boksi la chuma ni ya muda tu.

Sasa kamera zinazotuma picha kwa simu. Nazipenda kwa ulinzi. Mtu akiingia usiku, picha inafika ndani ya dakika, na hata akiibeba kamera picha yake imeshatoka. Pia zinakupunguzia safari za kwenda kukagua, na kila safari unaacha harufu yako kwenye mapito. Lakini angalia mambo mawili kabla hujalipa. La kwanza ni mtandao: nenda mahali penyewe na simu yako, kwenye mti wenyewe, kwa urefu wa kamera, uone kama kuna mawimbi. Kilimani pana mawimbi, bondeni hakuna. Angalia pia kamera inatumia kizazi gani cha mtandao, maana kampuni za simu katika nchi nyingi zinazima 2G na 3G, na kamera isiyo na 4G inageuka kuwa ya kadi tu. La pili ni kama inaendelea kuhifadhi picha kwenye kadi inapokosa mawimbi. Baadhi zinahangaika kutafuta mtandao hadi betri inakwisha, na wakati zikihangaika hazipigi picha.

Kisha kuna uhalali. Sheria zinatofautiana, na ni wajibu wako kuzijua za mahali unapowinda. Jimbo la Arizona, Marekani, lilipiga marufuku kutumia kamera hizi kuwindia wanyama kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Boone and Crockett Club, wanaotunza kumbukumbu za wanyama wakubwa waliowindwa Amerika Kaskazini, hawapokei mnyama aliyefuatwa kwa picha iliyotumwa papo hapo. Nakubaliana nao kwa moyo mkunjufu. Picha ya jana inakufundisha tabia za mnyama, na baada ya hapo bado unapaswa kumtafuta. Picha ya sasa hivi inayokuamsha kitandani kwenda kumpiga pale alipo inamnyima nafasi ambayo uwindaji wa haki unampa. Kamera za kutuma ziwe za ulinzi na za kuhesabu. Na zikinasa watu, picha zao si za kurusha kwenye makundi ya simu; zipelekwe kwa mwenye mamlaka, au zifutwe.

Nimalizie kwa kipimo chenyewe, maana nimekitaja tangu mwanzo.

Usinunue kamera kumi kwa mpigo. Nunua mbili za aina moja. Kwanini mbili? Kwa sababu kamera za bei nafuu, hata za boksi moja, zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe, na tofauti hiyo ni dalili ya kiwanda kisichokagua. Zifunge kwenye mti mmoja, moja juu ya nyingine, zikitazama pale pale. Chomeka vijiti ardhini kila baada ya mita 5 hadi mita 25. Pita mbele yake katika kila kijiti, ukikatiza, kisha ukija moja kwa moja, kwa mwendo wa kawaida halafu kwa kukimbia. Fanya hivyo alfajiri, adhuhuri na usiku. Andika kila upitapo, saa na umbali, kisha linganisha na kadi. Saa ya kamera uiweke sawa kabla ya yote, na uhakikishe bado iko sawa baada ya kubadilisha betri, maana kamera nyingi husahau tarehe betri zikitolewa.

Baada ya hapo ziache palepale wiki kadhaa, wanyama wapite wenyewe. Ukifungua kadi, tafuta picha ambazo kamera moja imenasa na nyingine imekosa. Zikiwa chache, na kila moja inakosa kidogo, una kamera za kuaminika, ongeza idadi. Zikiwa nyingi, zirudishe dhamana ikiwa hai. Na kipimo hicho kirudieni kila mwaka hata kwa kamera mnazoziamini, kwa sababu mpira unachoka, kidirisha cha kihisi kinapauka kwa jua, na wepesi wake unapungua bila mtu kuona.

Kwenye daftari, kila kamera iandikiwe ni usiku mangapi imekuwa hai, pamoja na picha ilizoleta. Kamera iliyoleta mbawala 12 kwa siku 30 na iliyoleta 12 kwa siku 10 hazisemi jambo moja. Siku ambazo hujui kama kamera ilikuwa hai, ziondoe kwenye hesabu kabisa, usiziandike sifuri.

Kamera nilizokuja nazo ziko kwenye meza ya nyuma, zimefunguliwa, na mojawapo imeshaliwa na betri zilizovuja. Sogeeni tuziangalie kwa karibu, na mwenye kamera yake aje nayo tuipime hapo nje kabla jua halijazama.